Fungu la Kwanza

Miezi yote ile Kombo alikuwa akizunguka nyuma ya msikiti ili asipite dukani kwa Bi Saumu. Leo alishika njia kubwa, elfu kumi mfukoni, fungu la kwanza la deni la mabati aliyoezekea nyumba. Deni hilo walilijua wao wawili tu.

Mbele ya duka alikuta turubai na majamvi, wanaume wamejiinamia.

"Mama ametutoka alfajiri," alisema Athmani, mwanawe, akimkumbatia. "Alikuwa akikuulizia sana, kaka. Ahsante kwa kuja."

Sahani ya rambirambi ilipita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia Kombo. Macho yote yakawa kwake. Hakuwa na hela nyingine. Akaiweka ile elfu kumi.

"Mungu akulipe," Athmani akasema, machozi yakimlengalenga. Kisha akasimama, akatangaza kama ilivyo ada: "Mwenye kumdai marehemu aje kwetu. Na aliyekuwa akidaiwa naye, aseme."

Kombo akauinua mkono wake polepole. Waliokaa karibu wakadhani anaanza dua. Nao wakainua mikono yao, wakangoja.