Nondo za Evanthia

"Mkinipa umeya, kodi ya nyumba naifuta!" mgombea alinguruma, na mkahawa mzima ukapiga makofi.

Evanthia hakupiga. "Na basi la halmashauri linalompeleka mume wangu kusafishwa damu, utalitia mafuta gani, baba? Ya zeituni?"

Watu kwa vicheko! Mgombea akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye paa lenye nondo za kutu zilizochomoza. "Nyumba yako mwaka wa ishirini huu umeiachia nondo, eti haijaisha, ili usilipe kodi. Leo unatufundisha sisi, mama?"

Kicheko kikamgeukia Evanthia. Akamalizia kahawa yake taratibu, akavuka barabara.

Punde msumeno ukalia juu ya paa. Nondo ya kwanza ikadondoka barabarani, ikarukaruka.

"Yangu imeisha!" Evanthia akapaza sauti. "Haya baba, msumeno ungali wa moto. Twende kwako tukakate na zako."