Chetezo cha Mwanakheri

Siku hizi mwenye tabia iliyokatazwa hulazwa katika kituo cha tiba, akanong'onezwa usingizini mpaka imtoke. Shaali alipelekwa kuachishwa sigara. "Moshi ni adui yako," sauti ilimwambia. Sigara akaiacha kweli, ila tangu hapo kila mkewe, Mwanakheri, akifukiza udi chumbani, yeye hukimbilia uani kutapika, akalala huko huko.

"Basi na mimi nikalazwe, niachishwe udi," Mwanakheri akasema. "Bora urudi kulala ndani, mume wangu."

Alirejea kutoka kituoni mchangamfu. Akakichukua chetezo alichopewa na mama yake siku ya harusi, akakipangusa majivu, akakitia chumvi.

"Kibakuli kizuri hiki," akasema. "Tulikipata wapi?"

Shaali alifungua kinywa amwambie. Lakini alipoikumbuka tu harufu ile, roho ikamchafuka, akakimbilia uani.