Ndama wa Makumbi

Ndama alikufa Jumatatu, lakini kila asubuhi Machano alimsimamisha mbele ya mama yake.

Alikuwa amemchuna, akaijaza ngozi makumbi ya nazi, akaishona kwa uzi wa gunia na kuipaka chumvi mgongoni. Ng'ombe akiilamba, maziwa hushuka. Asipoiona, hurusha mateke na hatoi hata tone.

Siku ya nne ngozi ilianza kuoza. Maji ya manjano yalichuruzika kwenye mshono, na nzi wakajaa katika matundu ya macho. Wanu, mkewe, alisimama mlangoni pa banda ameziba pua kwa kanga. Alipouona ulimi wa ng'ombe ukipita juu ya ule uozo na kurudi na manyoya, alitapika chini ya mgomba.

"Baba Muhiddin, kakizike hiki kitu."

"Maziwa yatakatika."

"Na sisi ndio tuyanywe maziwa haya?"

"Ng'ombe hajui," Machano alisema, mikono haikuacha kukama. "Mnyama hana akili ya kujua kifo. Akiona umbo, akapata chumvi, kwake mtoto yupo. Mwanaadamu huwezi kumfanyia hivi."

Wanu alirudi jikoni, akayamwaga maziwa ya jana, akajisugua mikono kwa ndimu mpaka ngozi ikamwasha.

Baadaye kidogo simu yake ililia. Ilikuwa meseji ya mwanawe, Muhiddin, aliyekwenda Maskati kufanya kazi. "Shikamoo mama. Mimi mzima, kazi nyingi tu. Ntapiga nikipata nafasi." Tangu daktari aseme moyo wa Wanu hautaki mshtuko, meseji hizo hazikukosa hata wiki moja.

Machano aliingia na ndoo.

"Nani huyo?"

"Muhiddin. Anasema mzima."

"Alhamdulillahi."

Alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Harufu haikumtoka.

"Anajua," Wanu alisema.

"Nani?"

"Ng'ombe. Anajua tangu siku ya kwanza kuwa mwanawe kafa. Analamba kwa sababu hakubakishiwa kingine."

Machano alicheka kidogo. "Umejuaje wewe yaliyomo kichwani mwa ng'ombe?"

Wanu aliisukuma simu mezani mpaka ikagusa vidole vya mumewe vilivyolowa.

"Muhiddin nshamsomea hitma ya marehemu, peke yangu, mwezi wa Rajabu. Usiniandikie tena, Machano."