Mkalimani wa Mzee Msabaha

Hafidh alikuwa amekwisha kumwua baba mkwe mara mbili, na filamu haijafika hata nusu.

Mara ya kwanza yule mzee wa kwenye televisheni alianguka akishika kifua, Hafidh akamzika papo hapo. Punde marehemu akaonekana anakunywa chai.

"Kasemaje huyo?" Mzee Msabaha akauliza. "Si umenambia kafa?"

"Huyu pacha wake, Baba!" Hafidh akapiga kelele kwenye sikio la mzee. "Anasema atalipiza kisasi!"

Mzee Msabaha akachekelea. Unguja alikulia ndani ya sinema za Kihindi, ila sasa masikio yalikuwa yamemtupa mkono, na bila mtu wa kumpigia kelele filamu kwake ilikuwa watu wanaochezesha midomo tu. Ndiyo maana, alipokuja Guangzhou, China, kumtazama bintiye Fathiya, alitangaza kwamba haolewi ila na mtu anayekijua Kihindi. Hafidh, aliyekuwa akimpenda Fathiya kwa simu tangu yuko Dar, aliteremka uwanja wa ndege wa Baiyun juzi na kujibu bila haya kwamba amesoma Bombay. Bombay yenyewe hata kwenye ramani angeitafuta siku nzima.

Fathiya ndiye aliyechagua filamu. Miaka kumi ya kubishana bei soko la Zhanxi ilikuwa imemfanya aogopwe na kila mwenye duka, lakini sasa alikuwa amejikunyata kwenye kochi, mtandio mdomoni, mabega yanamtikisika. Hafidh akaona kumbe tafsiri yake inaliza watu. Akazidisha huzuni kwenye sauti.

Mara akaingia Bwana Kirit, Mhindi wa Kariakoo, muuza vitambaa aliyepanga ghorofa ya juu. Akasalimia kwa Kiswahili chake cha Dar, akavuta kiti karibu na Hafidh, akatega sikio.

Wimbo ukaanza. Bwana Kirit akafumba macho, akauimba wote neno kwa neno. Basi, mke ndio huyo anakwenda.

"Wimbo unasemaje?" akauliza mzee.

"Nyimbo hazitafsiriwi, Baba! Zinaharibika!"

Bwana Kirit akafumbua macho, akamtazama.

Kuanzia hapo Hafidh alitafsiri kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Kila sentensi Bwana Kirit aliiinamia, akakunja uso, akaitikia kwa kichwa. Hafidh akaleta pacha wa tatu. Akampandisha ng'ombe kizimbani kutoa ushahidi. Kama ni kuumbuka, heri aumbuke akimpigania Fathiya. Alichomwomba Mungu ni kimoja tu, huyu Mhindi amwumbue faragha, si mbele ya mzee.

Filamu ikaisha. Bwana Kirit akasimama, akamkumbatia Hafidh kwa nguvu, kisha akainamia sikio la Mzee Msabaha.

"Mzee, kijana huyu usimwachie!" akapaza sauti mpaka vioo vikatetemeka. "Kihindi mimi nimezaliwa nacho, lakini hawa Wachina wakishazitia filamu zetu sauti za kwao, ukiacha nyimbo, siambulii hata neno."

Akamgeukia Hafidh, uso umejaa heshima. "Hebu nambie, Kichina hicho umejifunzia wapi?"