Saa ya Mzee Kimweri

Daktari alishanawa mikono kwa upasuaji, akingoja picha ya kichwa cha mgonjwa. Picha ilikuwamo kwenye seva ya zamani, lakini seva mpya, iliyofungwa jana, ilikataliwa kila Tunu, karani wa kompyuta hospitalini, alipojaribu kuivuta picha hiyo. Alishabadili nywila, waya, hata kiti.

“Bado?” daktari aliuliza mlangoni.

“Bado, daktari.”

Ndipo Tunu akaona saa pembeni mwa skrini. Seva mpya ilisoma 8:10, ya zamani 2:10. Marehemu Mzee Kimweri, karani aliyemfundisha kazi, aliitegesha ile ya zamani kwa saa za Kiswahili, na mashine zinazopishana saa haziaminiani.

Akaisogeza saa ya seva ya zamani mbele kwa saa sita. Picha ikafunguka, daktari akaondoka mbio.

Tunu akatazama saa yake ya mkononi. Nayo ilisoma 2:14, kama Mzee Kimweri alivyomzoesha. Akashika kidude cha kuirekebishia, akakiachia.