Mume Wake wa Kwenye TV

Minda alipopigiwa simu kwamba Teryo amekufa, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Alikuwa ameshasaini?"

Charing, mke wa Teryo, akajibu taratibu, "Hapana, dada. Alikuwa asaini Jumatatu."

Tangu hapo Minda hakuweza kujitazama kwenye kioo. Hata mswaki alipiga akiangalia ndoo.

Zamani yeye na Teryo walikuwa mke na mume kila Ijumaa jioni, kwenye kipindi cha vichekesho kilichoitwa Ukuta Mmoja. Ufilipino nzima ilikuwa inakaa sebuleni kumwona Minda akimkimbiza mumewe na kandambili. Walirekodi mbele ya watu, na vicheko vilikuwa vya kweli. Kisha kipindi kikafa, na Minda akaishia kukunja mashuka ya watu kwenye duka la kufulia la mpwa wake, huko Malabon.

Mwaka huu kituo kikataka kukirudisha. Sharti lilikuwa moja tu: wawepo wote wawili, la sivyo basi. Minda alikubali kabla hawajamaliza kumweleza. Teryo ndiye aliyekuwa anajivuta kusaini mkataba, mpaka wiki iliyopita alipopiga simu huku anacheka. "Haya, mke wangu, turudi tukagombane." Siku ileile Minda akatangaza mtaa mzima, akapaka nywele rangi, akamwambia mpwa wake atafute mtu mwingine wa kukunja mashuka.

Na sasa huyu mtu amekufa.

Msiba haukuwekwa nyumbani. Charing alisema mafuriko yameingia kwao Marikina, kwa hiyo wamekodi ukumbi Quezon City. Minda alikuta maua mpaka mlangoni, kahawa, biskuti, mbegu za tikiti, na meza ya wacheza karata. Kuta zote zilifunikwa kitambaa cheusi. Taa zilikuwa kali mno, mpaka poda ikaanza kumyeyuka usoni.

Binti mmoja alikuwa anafagia chini ya viti. Minda akamkodolea macho. Kufagia msibani? Kwao hata punje ya wali ikianguka inaachwa hapohapo mpaka mtu azikwe, usije ukafagia na roho nyingine ya ukoo. Alitaka kusema, akajizuia. Mtu aliyeulizia saini ya marehemu ana mdomo gani wa kufundisha watu adabu?

Dencio, aliyekuwa akiigiza mpangaji wao, akamvutia kiti.

"Kaa, mama mwenye nyumba. Mbona umenenepa hivyo!"

"Na wewe nywele umempa nani? Nyamaza, tuko msibani."

"Unakumbuka walivyokuwa wanakuficha ukurasa wa mwisho wa mchezo? 'Minda asijue, akijua uso wake utatangaza!'" Dencio akaziba mdomo ghafla kwa kiganja, akainama. Mabega yakawa yanamtikisika.

"Lia tu, Dencio," Minda akamwambia, akimpigapiga mgongoni.

Hata huyu analia. Yeye macho makavu kama jiwe.

Charing akaja, kavaa nyeusi, kitambaa kakishikilia puani. "Asante kwa kuja, dada."

Asante! Msibani kwao neno hilo halisemwi. Minda akajua amekasirikiwa, na akaona ni haki yake.

"Charing, kuhusu ile simu..."

"Kamwambie mwenyewe." Charing hakumtazama. Alimsukuma kidogo kuelekea kwenye jeneza. "Tumekufungulia kioo cha juu."

Teryo alikuwa amelala na barong yake nyeupe, ile nguo ya sherehe, mikono kifuani. Walikuwa wamempaka poda vizuri kuliko enzi zile za studio. Minda akashika ukingo wa jeneza.

"Teryo," akanong'ona. "Mke wako ananiambia umekufa, mimi namuuliza saini."

Akainama karibu zaidi.

"Tangu juzi najikamua, chozi halitoki. Nikikuwaza wewe, pakavu. Nikiwaza kipindi chetu, nalia mpaka kamasi. Unaona nilivyo? Wewe uliyekuwa unanikanyaga mguu nikisahau maneno ili watu wasijue. Kumbe nalilia kazi."

Nyuma yake wacheza karata walikuwa wameacha kucheza. Hakujali tena.

"Na kuna lingine, bora nilimalize. Njiani nikija nimewaza, labda watatafuta mtu anayefanana na wewe. Nikawaza mpaka jina! Yule mdogo wako, Pepito, si ana pua kama yako? Mwenzangu hujazikwa, mimi nishaolewa na mdogo wako!"

Hapo ndipo chozi likatoka, la kweli, na safari hii halikuwa la kipindi. Akarudi nyuma haraka lisije likadondokea jeneza, maana kwao ni mkosi, akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Nisamehe, mume wangu," akasema. "Bora hata usingenijua."

Kisha akasikia kitu kama mluzi mdogo, kama hewa inayotoka kwenye tairi. Akachungulia kati ya vidole.

Tumbo la marehemu lilikuwa linatikisika. Likatikisika tena, machozi ya kicheko yakimchuruzika juu ya poda. Kitambaa cheusi cha ukutani kikaporomoka chote kwa pamoja, na watu waliokaa safu kwa safu nyuma yake wakaangua kicheko, huku taa nyekundu ya kamera ikimwangalia Minda usoni.