Bwana Zima

Kila giza lilipoanza kuingia, baba alizunguka nyumba akizima taa. Alianza jikoni, akaja ukumbini, akamalizia chooni, kiganja kikiambaa ukutani mpaka kikutane na swichi. Ta. Ta. Jioni hiyo mlio wa tatu haukusikika. Kilisikika kishindo, kisha mtu mzima akaguna sakafuni.

"Nani ameweka kitu koridoni?"

"Ni begi langu, baba," binti yake alijibu kutoka chumbani. "Naondoka kesho asubuhi. Nitakaa kwa shangazi mpaka harusi."

Alimsikia akijiinua huku akipapasa. Neno pole lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Koridoni hapawekwi kitu," baba alisema. "Kila kitu na mahali pake. Nimesema mara ngapi?"

Hakuuliza kwa nini anaondoka. Aliingia kwenye chumba chake cha cherehani, akajifungia.

Mwanzoni mambo yalikuwa na maana. Bili ya umeme ilikuwa imepanda, na binti, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuona ubaya wa kubana matumizi. Wakaweka balbu zinazokula umeme kidogo. Televisheni wakaichomoa kabisa ukutani, maana hata ikizimwa huendelea kunyonya. Pasi ikawa ya Jumapili tu, nguo zote kwa mpigo. Friji haikufunguliwa mpaka mtu ajue anachotafuta. Bili ikashuka kweli.

Lakini baba hakuridhika. "Nisomee mita, mwanangu, wewe una macho ya chuo," angesema, kisha angesikiliza na kutikisa kichwa. "Bado iko juu."

Akauza cherehani ya umeme, akarudi kwenye ile ya kukanyaga. Wakaanza kula gizani. Binti alipolalamika, baba alicheka kidogo. "Mdomo unajua njia." Madaftari ya wanafunzi binti aliyasahihisha kwa tochi ya simu, mlango kaufunga kama mwizi. Humo gizani yeye alijigonga kwenye meza na viti kila mara, lakini baba alipita katikati ya vitu hivyo kama maji.

Mtaani walimwita Bwana Zima. Shangazi, alipopigiwa simu, alicheka mpaka akakohoa. "Kaka yangu huyo! Angeifikia swichi ya jua, angeshaizima zamani."

Hayo yote binti angeyavumilia. Lililomshinda ni gauni.

Tangu akiwa mdogo, akicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza, alimsikia baba akiwaambia wateja, "Gauni la harusi la huyu nitalishona mimi. Fundi mwingine akimgusa, tutafikishana mbali." Basi alipochumbiwa alinunua kitambaa cheupe, akakiweka juu ya meza ya baba. Kikakaa. Wiki zikapita, kikakaa. Mwisho akauliza.

"Kazi ile inataka taa," baba alijibu, uso ameuelekeza dirishani. "Inataka pasi kila mara. Umeme utapanda. Tafuta fundi mwingine."

Binti alisimama pale gizani akingoja baba acheke, aseme anatania. Baba hakucheka. Alimsogelea, akaweka viganja mabegani mwake, akaviteremsha mikononi, akamshika kiuno, kama mtu anayetaka kusema jambo na halimtoki.

"Umepungua," alisema, akaenda zake.

Sasa, begi likiwa limefungwa, binti alitoka chumbani na kufanya alichokuwa hajathubutu kwa miezi, baba akishazima. Aliwasha taa ya koridoni. Akawasha ya jikoni, ya ukumbini, ya chooni, hata ya barazani. Nyumba yote ikawa nyeupe. Akasimama akingoja baba atoke amfokee. Pengine alitamani kufokewa. Kufokewa nako ni kusemeshwa.

Mlango wa baba haukufunguka. Akaugonga.

"Baba, naomba kitambaa changu. Nimepata fundi kule kwa shangazi."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mlango ukafunguka, baba akatoka amekumbatia kitu kifuani. Akapita chini ya taa ya ukumbini, ile aliyoipigia kelele kuliko zote, bila kunyoosha mkono kwenye swichi.

"Kitambaa hakipo tena," alisema. "Kuna hili."

Lilikuwa gauni. Binti alilipokea, akalikunjua, akasahau hasira yake. Mabega yalikuwa mabega yake. Kiuno kilikuwa kiuno chake. Mshono ulinyooka kama uliochorwa kwa rula.

Kisha akauona uzi. Juu ya weupe ule wote, kifuani, kiunoni, kwenye pindo lote la chini, uzi ulikuwa wa kijani. Ule anaoshonea sketi za shule.

"Hata uzi, baba? Hata uzi umenibania? Mabaki ya sketi za shule, kwenye gauni la harusi yangu?"

Baba alinyoosha mkono, akalitafuta gauni hewani mpaka akalishika. Kidole gumba kikapita juu ya mshono, kikarudi, kikapita tena.

"Wa kijani," alisema polepole.

"Kijani kibichi, baba."

Baba aliuinua uso, akauelekeza pembeni kidogo ya pale binti aliposimama.

"Livae hivyohivyo," alisema. "Kisha njoo usimame hapa mbele yangu, uwashe taa, mwanangu. Leo washa zote. Labda nitakuona hata kivuli."